Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Albamu ya Nyimbo Bora: Kutoka Kanda za Zamani Hadi Majukwaa ya Muziki

Albamu ya nyimbo bora huonekana kazi nyepesi kuliko albamu zote. Nyimbo zipo, watu wanazijua, hakuna cha kurekodi. Ndiyo maana wengi hukusanya nyimbo 12 kwenye folda moja, wakatengeneza kava kwa simu na kumtumia msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa, jioni hiyohiyo. Baada ya siku chache jibu linarudi: imekataliwa. Au inapokelewa vizuri, kisha mtoto wa mtunzi aliyefariki anapiga simu na albamu inashushwa. Au inabaki juu, lakini anayeisikiliza kwenye gari anashika kitufe cha sauti kila wimbo unapobadilika.

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wasanii, mameneja na familia za wanamuziki wa zamani yanazunguka hapohapo. Karibu yote yanatokana na mambo matatu yaliyorukwa mwanzoni: nani ana haki, rekodi ipi ndiyo halali, na taarifa za kila wimbo zimeandikwaje. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke hatua, hasa ya tatu.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye nafasi ya kutosha, na diski mbili za nje. Moja ya kazi, moja ya akiba inayokaa nyumba nyingine.
- Programu ya kuhariri sauti. Audacity ni ya bure na inatosha kwa kusikiliza, kupima na kukata.
- Spika unazozizoea na hedifoni nzuri zinazofunika masikio.
- Kama chanzo ni kanda au santuri: deki ya kaseti au mashine ya santuri iliyo katika hali nzuri, na kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Usitegemee tundu la maikrofoni la laptopu.
- Jedwali la Excel au Google Sheets.
- Mikataba yote ya zamani, hata karatasi iliyochanika, pamoja na kaseti, kava na lebo za santuri. Majina yaliyochapishwa pale ni ushahidi.
- Namba za simu za watunzi, prodyuza, viongozi wa bendi na wasimamizi wa mirathi.
- Bajeti ya fundi wa masta, yaani anayesawazisha sauti ya mwisho ya albamu. Hili ndilo eneo la mwisho kubana matumizi.

## Hatua ya 1: Andika kigezo kwa sentensi moja

Kabla ya kuchagua wimbo wowote, andika sentensi inayosema albamu hii ni ya nini. "Nyimbo zilizopigwa sana redioni kati ya 1978 na 1985." "Nyimbo zote za msanii zilizomshirikisha mwimbaji fulani." "Nyimbo ambazo mashabiki huziomba kila onyesho."

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuokoa wanachama wa bendi watakapoanza kuvutana. Bila kigezo, kila mtu huuleta wimbo alioutunga yeye. The Beatles walipotoa mkusanyiko wao uitwao "1" mwaka 2000, kigezo kilikuwa wazi: wimbo uwe umeshika namba moja Uingereza au Marekani. Zikapatikana nyimbo 27, na nyimbo kadhaa zinazopendwa sana zikaachwa nje bila ugomvi, kwa sababu kanuni ilishasema.

Huku kwetu chati za miaka ya nyuma ni chache, kwa hiyo tumia ushahidi mwingine: hesabu za majukwaa kwa nyimbo mpya, na kwa nyimbo za zamani waulize watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, madijei na wapiga muziki wa kumbi. Waulize mmoja mmoja, wasisikilizane. Wimbo unaotajwa na watu wasiojuana ndio unaostahili.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ndefu na jedwali

Anza na nyimbo mara mbili ya unazohitaji. Ukitaka 14, orodhesha 28, kwa maana nyingine zitadondoka kwenye hatua ya haki na nyingine kwenye hatua ya sauti.

Kila wimbo upate mstari wake kwenye jedwali: jina kamili, mtunzi, mwimbaji kiongozi, bendi, mwaka wa kurekodiwa, studio, aliyelipia kurekodi, urefu, chanzo cha sauti ulichonacho, ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi, tutaieleza hatua ya 8) kama ipo, na hali ya ruhusa.

Angalia urefu mapema. CD ya kawaida hubeba dakika 74 hadi 80. Upande mmoja wa santuri hupendeza ukikaa karibu dakika 20, kwa sababu ukijaza zaidi sauti inapungua nguvu. Wimbo wa dansi wenye sebene ndefu unaweza kufika dakika 8, na wimbo wa taarab ukapita 10. Kwa kikundi cha taarab, nyimbo 7 tayari ni albamu iliyoshiba. Usikate nyimbo ili uongeze idadi. Anayenunua taarab ananunua pia ule mwendo wake wa kutokimbilia popote.

## Hatua ya 3: Safisha haki, kwa maandishi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokwenda pamoja lakini wenyewe wanaweza kuwa tofauti. Kuna haki ya utunzi, yaani mashairi na muziki. Kuna haki ya rekodi yenyewe, ambayo wengi tunaiita masta. Mtunzi anaweza kumiliki ya kwanza na asiwe na sauti yoyote juu ya ya pili. Taylor Swift alikumbana na hali hiyo mwaka 2019, masta za albamu zake sita za kwanza zilipouzwa pamoja na kampuni iliyozimiliki. Alichokifanya ni kurekodi upya: haki za utunzi alikuwa nazo, masta hakuwa nazo.

Kwa Afrika Mashariki fuata maswali haya manne kwa kila wimbo.

Nani aliutunga? Jina lililozoeleka mtaani huenda ni la mwimbaji, na mtunzi akawa mpiga gitaa aliyekaa nyuma. Angalia lebo ya santuri, kisha uliza wanamuziki waliokuwepo.

Nani alilipia kurekodi? Kampuni ya santuri, prodyuza, bendi au kituo cha redio? Nyimbo nyingi za dansi za Tanzania zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake ziko chini ya TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kuwa na nakala ya kaseti nyumbani hakukupi ruhusa ya kuitoa.

Bendi ilikuwa ya nani? Bendi kubwa nyingi zilimilikiwa na taasisi. DDC Mlimani Park ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, Juwata Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Na wanamuziki walihama. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwa wenzake wa Msondo, jina la baadaye la ileile NUTA Jazz. Ukikusanya nyimbo bora za mwimbaji wa aina hiyo, jiandae kuzungumza na wamiliki wa bendi zaidi ya mbili.

Je, mhusika yuko hai? Kama amefariki, haki zimekwenda kwa warithi. Zungumza na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na uombe kuona hati. Ndugu anayesema "mimi ndiye mkubwa" anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe na mamlaka ya kusaini.

Onyo kubwa: wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa wa bure. Sheria za Tanzania na Kenya zinalinda utunzi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Kwa kanuni hiyo, tungo zake zinalindwa hadi 2029.

Ruhusa iwe kwenye karatasi yenye jina la wimbo, aina ya matumizi (majukwaa, CD, santuri, flashi), nchi, muda, mgawo na tarehe za malipo. Kwa nyimbo za bongo fleva za miaka ya 2000, nyingi zikiwa zilirekodiwa kwa makubaliano ya mdomo, kaeni chini na prodyuza sasa na muandike kilichoeleweka wakati ule. Migawo ya kila wimbo ikijumlishwa ifike asilimia 100 kamili. Ikifika 95 au 110, kuna mtu amesahaulika au amehesabiwa mara mbili.

Hakikisha pia kazi zimesajiliwa. Tanzania ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya kwa miaka mingi kazi hii iligawanywa kwa vyama vitatu, kila kimoja na watu wake: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wamiliki wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala; uliza kwanza kipi kina leseni sasa. Mwanamuziki anayeimba wimbo wake mwenyewe ana sababu ya kujiunga na zaidi ya kimoja.

Umefaulu hatua hii pale ambapo kila mstari wa jedwali una karatasi iliyosainiwa. Wimbo ambao karatasi yake haijapatikana unatoka kwenye orodha, hata kama ndio mkubwa kuliko yote. Inauma, lakini albamu iliyoshushwa sokoni inaumiza nyimbo zote.

## Hatua ya 4: Chagua rekodi sahihi ya kila wimbo

Wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi ya redio, ya santuri, ya kaseti ya onyesho, na nyingine mpya iliyofanywa miaka 20 baadaye. Swali ni moja: msikilizaji anaikumbuka ipi?

Mara nyingi jibu ni ya kwanza, lakini si kila mara. Legend, mkusanyiko wa Bob Marley uliotoka 1984 ukiwa na nyimbo 14, una No Woman, No Cry ile ya jukwaani, iliyorekodiwa London mwaka 1975, na si ile ya studio ya mwaka mmoja kabla. Watu waliupenda wimbo ule kwa sababu ya umati unaoimba na mwendo wake wa taratibu, kwa hiyo waandaaji wakaifuata hadhira.

Kama unalazimika kutumia rekodi mpya kwa sababu masta ya zamani haipatikani, sema waziwazi kwenye jina la wimbo: "Rekodi Mpya". Kumuuzia mtu rekodi ya juzi kwa jina la ile ya 1982 ni kumdanganya, na atagundua gitaa la kwanza likilia tu.

### Kupima kama faili ni zima

Mtu atakutumia faili la WAV na kukuambia limetoka kwenye masta. Lipime. Fungua Audacity, ingiza wimbo, kisha badilisha mwonekano wa wimbo kutoka mawimbi kwenda spektrogramu (Spectrogram). Utaona rangi zinazopanda kutoka chini, sauti nzito, kwenda juu, sauti nyembamba. Rekodi kamili ya kidijitali huonyesha vitu vikififia polepole kuelekea kHz 20. Faili lililotokana na MP3 ya ubora mdogo, au lililopakuliwa kwenye video ya mtandaoni, mara nyingi hukatika ghafla karibu na kHz 16, kama ukuta uliopigwa rula.

Ukiliona lile kato, rudisha faili. Kulibadilisha MP3 kuwa WAV huongeza ukubwa wa faili tu. Kilichokwisha kutupwa hakirudi. Kanda ya zamani yenyewe inaweza kuwa na sauti chache za juu, lakini hufifia taratibu na juu yake kunabaki mvumo wa kanda. Haikatiki kwa mstari ulionyooka.

## Hatua ya 5: Kuhamisha kutoka kwenye kanda na santuri

Kama nyimbo zako zote ni za kidijitali, nenda hatua ya 6.

Safisha mashine kabla ya kila kipindi. Paka pamba kidogo alkoholi safi ya isopropili, futa hedi ya deki (sehemu inayosoma kanda) na vigurudumu vya mpira, acha pakauke kabisa. Uchafu wa kanda iliyopita huziba sauti za juu za inayofuata.

Weka sawa mwinamo wa hedi. Kaseti ikirekodiwa kwenye mashine moja na kuchezwa kwenye nyingine, sauti huwa butu. Badilisha usikilizaji uwe wa mono, kisha zungusha kidogo sana skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi huku ukisikiliza matoazi. Sauti zikiwa kali kuliko zote, acha hapo. Andika pa kuanzia ili uweze kurudisha.

Rekodi kwa biti 24 na kHz 96, au angalau kHz 48. Kilele cha sauti kisifike sifuri; acha nafasi ya desibeli 6 au zaidi. Hifadhi faili hili ghafi bila kuligusa. Kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Kanda ikinata, ikipiga kelele inapopita au ikiacha unga wa kahawia kwenye hedi, simamisha mara moja. Usirudishe nyuma kwa kasi. Kanda za aina hiyo zinahitaji mtaalamu, na huenda ukapata nafasi moja tu ya kuicheza.

### Kuunganisha sehemu ya 1 na sehemu ya 2

Hili linawashinda wengi, hivyo tukae nalo. Nyimbo nyingi za benga na dansi zilitoka kwenye santuri ndogo za 45, wimbo mmoja ukagawanywa pande mbili. Upande wa kwanza unazimika sauti ikififia, wa pili unaanza katikati ya gitaa. Kwenye albamu, msikilizaji anautaka wimbo mzima.

1. Hamisha pande zote mbili kwa mashine ileile, siku ileile, bila kugusa kitufe cha kiwango.
2. Linganisha tyuni. Cheza noti ya besi ya mwisho ya upande wa kwanza na ya kwanza ya upande wa pili. Zikitofautiana, rekebisha kasi ya upande mmoja kidogo mpaka zikae pamoja.
3. Tafuta mahali muziki unapojirudia. Mara nyingi upande wa pili huanza kwa mzunguko uleule wa gitaa uliosikika mwishoni mwa wa kwanza. Hesabu mapigo.
4. Kata pande zote mbili kwenye pigo la kwanza la mzunguko, pale ngoma inapogonga. Mlio wa ngoma huficha kiungo.
5. Zipishanishe kwa milisekunde 10 hadi 20 tu. Ukizidisha, utasikia ngoma mbili.
6. Sikiliza ukiwa umefumba macho, kisha mpe mtu asiyejua palipounganishwa. Akishindwa kupataja, kiungo ni kizuri.

Kama upande wa kwanza unafifia mapema mno na hakuna mzunguko unaolingana, usilazimishe. Kupandisha sauti iliyofifia kunapandisha pia mikwaruzo. Weka "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2" kama zilivyotoka. Wapenzi wa santuri wanaziheshimu hivyo.

### Kusafisha bila kuua

Ondoa mvumo wa umeme. Kwetu umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo hukaa kwenye 50, 100 na 150. Ondoa mikwaruzo mikubwa mmojammoja kwa mkono.

Kwa kupunguza kelele za kanda, shika breki. Programu hizo huanza kula matoazi, marakasi na ule mng'ao wa gitaa la solo kabla hujagundua. Njia ya kujilinda ni kusikiliza kile kilichoondolewa peke yake. Ukisikia muziki ndani yake, umezidisha. Mimi ni wa upande wa kuacha kelele kidogo: mvumo wa kanda sikio huuzoea baada ya mstari mmoja wa wimbo, lakini saksafoni iliyopoteza pumzi hairudi. Na rekodi ya mono iache mono; stereo ya kubuni humtenganisha mwimbaji na bendi yake.

## Hatua ya 6: Panga nyimbo

Wengi hupanga kwa miaka kwa sababu ni rahisi. Inafaa kwa albamu ya kumbukumbu, lakini ina hatari: rekodi za mwanzo ndizo zenye sauti dhaifu zaidi, na msikilizaji anakutana nazo kwanza.

Tazama ABBA Gold ya 1992. Ina nyimbo 19, inafungua na Dancing Queen ya 1976, na Waterloo, ulioshinda Eurovision mwaka 1974, umewekwa mwisho kabisa. Kalenda wameitupa. Wameweka wimbo wa kumshika mtu mlangoni, na mwingine wa kumsindikiza.

Nyimbo tatu za kwanza ziwe zile ambazo hata asiye shabiki anazijua. Usiweke nyimbo mbili za tyuni moja na mwendo mmoja zikifuatana, kwa kuwa ya pili itasikika kama mwendelezo wa ya kwanza. Tenganisha nyimbo za maombolezo. Kama una waimbaji viongozi wawili, wapishanishe.

Kuhusu wimbo mpya: ongeza mmoja, zisizidi mbili. Sababu ni ya vitendo. Spotify hupokea maombi ya kuingizwa kwenye orodha za wahariri wake kwa nyimbo ambazo bado hazijatoka, kwa hiyo zile za zamani haziwezi kuombewa. Usiuweke wa kwanza. Watu wamekuja kwa ajili ya za zamani.

Icheze orodha nzima ndani ya gari au jikoni ukiwa na shughuli nyingine. Pale unapotaka kuruka, ndipo pana kasoro.

## Hatua ya 7: Masta ya pamoja

Nyimbo za studio tano na miongo mitatu hazina sauti moja, na hazitakiwi ziwe nayo. Lengo ni msikilizaji asiguse kitufe cha sauti.

Chagua wimbo mmoja wenye sauti nzuri kuliko yote uwe kipimo. Linganisha nyingine na huo kwa kusikiliza sauti ya mwimbaji, maana ndiyo sikio linayoifuata. Mwimbaji akiwa mbele sawasawa katika nyimbo zote, ngoma na besi zinaweza kutofautiana na hakuna atakayelalamika.

Shusha zilizo juu, usipandishe zote zifike kwenye yenye kelele zaidi. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha uchezaji kwenye LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia) na Apple Music karibu na −16, hivyo wimbo uliobanwa kwa nguvu utashushwa tu, ukiwa umeshapoteza pumzi yake. Vilele viishie desibeli −1.

Ruka kutoka sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja kwenda 20 za mwanzo za unaofuata, albamu nzima, mkono ukiwa mbali na kitufe. Ukimaliza bila kushawishika kukigusa, masta imekaa.

## Hatua ya 8: Namba na majina

ISRC ni kitambulisho cha rekodi moja. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za mwenye kuitoa, mbili za mwaka, tano za mfuatano. Mwaka ulio ndani yake ni wa namba kutolewa, hauna uhusiano na mwaka wa kurekodi.

Wimbo ulioko tayari kwenye majukwaa, na ukaingia kwenye mkusanyiko bila kubadilishwa, utumie ISRC yake ileile. Msambazaji akikuuliza kama una namba, usibonyeze "tengeneza mpya". Ukibonyeza, wimbo wenye hesabu za miaka unaanza upya kwenye sifuri kando ya nakala yake. Waulize wasambazaji wa zamani wakupe namba, na utumie faili lilelile lililokwenda mwanzo, lenye urefu uleule.

ISRC mpya inahitajika kwa rekodi mpya, kwa wimbo ulioufanyia ukarabati mkubwa wa sauti, na pale urefu unapobadilika kwa zaidi ya sekunde 10. Wimbo uliounganisha pande mbili za santuri unaingia humo.

Albamu yenyewe ni bidhaa mpya, hivyo inapata UPC mpya, yaani namba ya bidhaa. Usitumie ya albamu ya zamani.

Andika jina la msanii kwa herufi zilezile zilizoko kwenye ukurasa wake. Nafasi moja ya ziada inaweza kumzalia ukurasa wa pili. Watunzi waandikwe kwa majina yao halali. Na kwenye mstari wa ℗, alama ya haki ya rekodi, weka mwaka wa rekodi kutolewa mara ya kwanza na mmiliki wake, wimbo kwa wimbo.

Onyo moja zaidi: kama nyimbo za awali zilipelekwa na msambazaji mmoja na mkusanyiko unapelekwa na mwingine, zima huduma ya madai ya YouTube (Content ID, inayotambua rekodi yako kwenye video za watu) upande mmoja. La sivyo wasambazaji wako wawili watadaiana rekodi zako mwenyewe.

## Hatua ya 9: Kava na maelezo

Kava liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000, rangi za RGB, JPG au PNG.

Ondoa namba za simu. Najua mazoea yetu: bendi huweka namba ya kukodiwa kwenye kila karatasi. Majukwaa hukataa kava lenye simu, anwani ya tovuti, bei, jina la akaunti ya mtandao wa kijamii au nembo ya mdhamini. Maneno yaliyoko kwenye kava yalingane na jina la albamu uliloandika. Picha iwe na ruhusa ya mpigapicha au ya familia yake, na isivutwe kutoka picha ndogo ya simu ikabaki na ukungu.

Kisha maelezo ya ndani, ambayo wengi huyaacha na ndiyo ninayoyajali kuliko kava. Andika nani alipiga solo, ridhimu, besi, tumba, ngoma, nani alipuliza saksafoni na tarumbeta, nani aliitikia. Mashabiki wamecheza sebene fulani kwa miaka 40 bila kujua jina la mpigaji. Kwa wapiga ala wengi wazee, albamu hii huenda ikawa ya kwanza kulichapisha. Waite wasikilize rekodi wenyewe. Watatambuana kwa mguso wa kidole. Pakia majina hayo kwenye sehemu ya wachangiaji ya msambazaji, na kama unatoa CD au santuri, yachapishe.

## Hatua ya 10: Peleka, kagua, lipa

Peleka wiki 4 kabla ya tarehe ya kutoka. WAV za biti 16 na kHz 44.1, au 24 kama msambazaji anapokea. Kabla ya kubonyeza, sikiliza kila faili mwanzo hadi mwisho. Faili lililokatika sekunde ya mwisho halionekani kwa macho.

Siku ya kutoka, kagua mambo manne: albamu imekaa kwenye ukurasa sahihi wa msanii, nyimbo za zamani zinaonyesha hesabu zake za awali, ingawa kuungana kunaweza kuchukua siku kadhaa, mpangilio ni uleule, watunzi wameonekana. Piga picha ya skrini ya kosa lolote, na uitume kwa msambazaji pamoja na ISRC ya wimbo husika. Malalamiko bila namba huchelewa kushughulikiwa.

Wanamuziki wanaofanya maonyesho waandae pia flashi za kuuza mlangoni, nyimbo zikiwa na namba mbele ya majina ili redio ya gari isizipange kwa alfabeti na kuvuruga kazi ya hatua ya 6.

Ripoti ya kwanza ya mapato ikifika, igawe kwa asilimia zilizoko kwenye karatasi na umtumie kila mhusika nakala ya ripoti pamoja na fedha yake, hata ikiwa shilingi 3,000. Weka risiti kwenye folda ileile ya mikataba, na kwenye jedwali ongeza safu ya tarehe ya malipo kwa kila jina.